Somo: Namna ya kusanifu dirisha la jengo la angani

Wanakikundi, wengi wenu hufunga madirisha ya alumini hapa Kampala. Dirisha la nyumba husukumwa na hewa sawasawa ndani na nje. Angani, nje ni utupu. Hewa yote ya ndani inasukuma kioo kitoke.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo. Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilikoachiliwa setilaiti yetu PearlAfricaSat-1 Desemba 2022, kina hewa yenye presha ya kilopaskali 101 hivi, yaani kama tani 10 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la katikati la Cupola, chumba cha madirisha cha kituo hicho, lina kipenyo cha sentimita 80, yaani nusu mita ya mraba. Zidisha presha kwa eneo: ni uzito wa tani 5, usiku na mchana.

Hatua ya 2: Umbo liwe duara, au kona ziviringwe. Kona kali hukusanya mkazo.

Hatua ya 3: Tumia kioo cha silika. Hutanuka kidogo sana kwa joto, na jua huko huja na kuondoka ndani ya dakika 90.

Hatua ya 4: Panga tabaka. Hapa msiharakishe. Cupola ina kioo chembamba cha ndani cha kuzuia mikwaruzo, viwili vya milimita 25 vya kubeba presha, na cha nje cha kupokea vumbi la angani. Kwa nini viwili vya presha, wakati kimoja kinatosha? Kwa sababu kioo huchoka. Ufa usioonekana, ukivutwa muda mrefu penye unyevu, hurefuka polepole, kisha kioo hupasuka ghafla. Kikagueni kwa lenzi na taa ya pembeni. Mkwaruzo unaonaswa na ukucha tayari ni mkubwa mno.

Hatua ya 5: Mipira ya kuziba iwe miwili, na chuma kisiguse kioo popote.

MASWALI

Mwanachama, Jinja: Mwalimu, polikabonati, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, haifai?
Jibu: Inafaa kwa kinga ya ndani. Kubeba presha miaka mingi, hapana. Hulegea, na mionzi ya jua huiharibu.

Mwanachama, Mbarara: Kuna dirisha lililowahi kupigwa?
Jibu: Ndiyo. Mwaka 1983 chembe ya rangi ilichimba kioo cha chombo cha angani Challenger, ikabidi kibadilishwe. Mwaka 2016 mwanaanga Tim Peake alipiga picha ya kishimo cha milimita 7 kwenye Cupola. Hewa haikuvuja.

Mwanachama, Kampala: Tukijaza hewa yenye presha kama ya hapa kwetu?
Jibu: Swali zuri sana. Hapa ni kilopaskali 88 hivi, kwa hiyo mzigo unashuka hadi tani 4.5, na kioo cha milimita 25 kinaweza kuwa 23. Lakini kioo cha pili cha presha bado lazima kiwepo.