Jiandae Kabla Hisia Hazijapanda

Aliyekwisha kuzidiwa na hasira au hofu hawezi kujifunza mbinu mpya papo hapo. Ujuzi wa kujituliza hunolewa siku za utulivu, hata kama siku hizo unaona huuhitaji.

Jambo la kwanza ni kuzijua dalili zako za mwanzo. Kuna anayekaza taya, kuna anayenyamaza ghafla, kuna ambaye tumbo humsokota. Ziandike. Ukiandika tu "huwa nakasirika" bado hujaandika kitu. Taja mwili unafanya nini, saa ngapi, nani akiwapo.

Kisha chagua mbinu ya mwili, kwa sababu hisia zikiwa juu maneno hayaingii. Nyepesi kuliko zote ni pumzi: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, kwa dakika chache. Kinachosaidia zaidi ni kule kutoa taratibu, maana mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapotoa pumzi. Ikishindikana, kuna maji baridi. Inama, zuia pumzi, tumbukiza uso kwenye beseni kwa sekunde 15 hadi 30. Mwili hudhani umepiga mbizi na moyo hupunguza kasi. Mwenye matatizo ya moyo, au anayetumia dawa za kupunguza mapigo, amuulize daktari kwanza.

Zoezi ambalo wengi hulipuuza, nami naliona ndilo lenye uzito zaidi, ni la kupitia tukio kabla halijafika. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliweka miongoni mwa stadi za tiba aliyoibuni kwa ajili ya watu wanaosumbuliwa mara kwa mara na mawazo ya kujiua. Tuseme kesho una kikao na bosi anayekudharau mbele ya wenzako. Leo keti, fumba macho, jione umo ndani ya chumba kile, umsikie akisema neno lile lile linalokuchoma. Sasa jione ukishusha pumzi, ukijibu kwa sentensi uliyoiandaa, ukiomba muda wa kufikiri. Rudia, na safari hii mambo yaharibike: akukatize, wenzako wacheke. Utafanya nini hapo? Anayejipitisha kwenye hali nzuri peke yake hajajiandaa. Ukimaliza, pumzika kidogo, maana mazoezi haya nayo huchosha.

Usingizi, chakula na pombe sina haja ya kuvieleza kirefu: mwenye njaa au aliyekesha hukasirika upesi.

Mwisho, zungumza mapema na watu wawili unaowaamini, mkubaliane kwamba unaweza kuwapigia hata usiku, na namba zao ziwe pia kwenye karatasi. Kama mawazo ya kujidhuru hukujia, mwombe mmoja wao akutunzie dawa na chochote cha hatari mbali nawe, na mwone daktari au mshauri nasaha sasa. Yakikujia pamoja na nia ya kutenda, usibaki peke yako. Nenda hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura.