Kabla hujashuka Kariakoo kununua TV

Mwaka juzi nilipanda bajaji kutoka Kariakoo nimekumbatia boksi la inchi 43, limeandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko jina la TV yenyewe. Nimefika Sinza, nimeshaifunga ukutani, ndipo nikasoma yale maandishi madogo ubavuni: inapokea video za 4K. Kioo chenyewe ni 1920 kwa 1080. Yaani inameza picha ya 4K, halafu inaipunguza. Muuzaji hakusema uongo, ila ukweli wote hakuusema.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe juu ya kioo, si boksi. Picha ni nukta zilizopangwa, zinaitwa pikseli. HD ni 1280 kwa 720, Full HD 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160, nukta zaidi ya milioni 8, mara nne ya Full HD. Chukua namba ya modeli, itafute kwenye simu hapohapo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Halafu pima sebule yako. Kwenye inchi 43, ukikaa mbali zaidi ya mita 2, jicho la kawaida halioni tofauti ya maana kati ya Full HD na 4K. Kwa chumba na sebule zetu nyingi, kochi likiwa limeegemea ukuta wa pili, 4K huanza kuonekana thamani yake kuanzia inchi 55. Tena utazame nini? King'amuzi chako hakikuletei taarifa ya habari kwa 4K. Ya mtandaoni ipo, lakini saa moja inaweza kula gigabaiti 7, na bando unalijua mwenyewe.

LED, QLED, OLED: herufi zinafanana, bei hazifanani. LED ni kioo cha LCD, yaani kioo kisichotoa mwanga chenyewe, chenye taa nyuma yake. QLED ni hiyohiyo, imeongezwa tabaka la kukoleza rangi. OLED haina taa ya nyuma, kila nukta inawaka na kuzima yenyewe, ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli. Ni nzuri mno, ila kama TV ni ya saluni au baa, inashinda kituo kimoja kutwa, nembo ya kituo inaweza kubaki imeganda kwenye kioo. Hapo mimi ningechukua LED ya kawaida.

Dukani usidanganyike na video ya maua na samaki wa rangi, hiyo imetengenezwa ili kila kioo kipendeze. Nenda na flashi yako yenye kipande cha mechi, picha nyeupe tupu na picha nyeusi tupu. Kwenye nyeupe tafuta nukta iliyokufa, yaani isiyowaka, kwenye nyeusi mwambie apunguze taa za duka uone kama mwanga unavuja pembeni. Sogea ubavuni pia, pale atakapokaa shemeji siku ya fainali, uone kama rangi zinapauka.

Ukiridhika, dai risiti na waranti, na ongeza pesa ya TV guard, kile kifaa cha kuikinga TV na umeme, maana umeme ukirudi kwa kishindo hauulizi kioo ni cha aina gani. Kikipasuka au kikiungua, fundi atakutajia bei ya kioo kipya, nawe utaona bora ukanunue TV nyingine.