Kuacha kujinyima chakula na kuanza kula kwa raha

Anza na mizani ya kupimia uzito: itoe chumbani. Kisha kula kila baada ya saa 3 au 4, tangu asubuhi; chai na muhogo wa nazi vinatosha. Wengi hukwama hapa: mchana kutwa hawali, usiku wanamaliza sufuria ya wali na kujilaumu. Huo si ulafi jamani, ni njaa inayodai haki yake.

Wiki ya kwanza rudisha chakula kimoja ulichojikataza, tuseme wali wa nazi kwa samaki. Pakua sahani, kaa mkekani, kula taratibu. Katikati tulia, sikiliza tumbo. Bado lataka? Ongeza.

Nguo inayobana mpelekee fundi aitanue. Raskazone, ufukweni Tanga, nenda ukaogelee kwa raha, si kama adhabu ya kula wali. Mwenye kisukari azungumze kwanza na daktari wake.