Mbegu ya mnafu: kukamua, kujaribu na kuotesha kwenye baridi ya Mbeya

Wakulima wenzangu wa mboga za asili hapa Uyole wakitaka kuboresha kilimo, wengi huanza kuulizia mipira ya kumwagilia kwa matone. Ni kitu kizuri, lakini mimi huwarudisha kwenye mbegu kwanza. Aina za mnafu zilizoboreshwa kama Nduruma na Olevolosi zina majani mapana, tena si chotara, kwa hiyo ukinunua pakiti moja yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, misimu inayofuata unajikamulia mwenyewe.

Hatua ya 1: Tenga miche ya mbegu

Chagua miche kumi yenye afya na majani makubwa, uifunge kitambaa chekundu. Usiichume hata jani moja. Tunakosea sana hapa: tunachuma mnafu mpaka unachoka, kisha vitunda vinavyobaki ndiyo tunaita mbegu. Nami nilifanya hivyo miaka kadhaa, nikawa namlaumu muuza mbolea.

Hatua ya 2: Kamua na uoshe

Subiri matunda yawe meusi ya zambarau na yalainike. Yaponde kwa mkono kwenye beseni, ongeza maji, yalale usiku mmoja. Asubuhi osha, mwaga mbegu zinazoelea, osha tena. Usiharakishe. Ule utelezi una sukari, na ukibaki kwenye mbegu unazuia kuota. Mimi huosha mara tano au sita, hadi maji yawe safi na mbegu zikwaruze vidoleni kama mchanga. Ukisikia bado zinateleza, rudia. Anika kivulini juu ya kitambaa. Bati la juani linaziunguza.

Hatua ya 3: Jaribu kabla ya kupanda

Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, uweke jikoni penye joto. Baada ya wiki mbili hesabu zilizoota. Zikifika 80, panda kwa amani. Zikiwa chini ya 50, tafuta mbegu nyingine.

Hatua ya 4: Kitalu

Tuta la upana wa mita 1, samadi iliyooza vizuri, mistari ya sentimita 20. Mbegu ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane, ufukie kidogo tu. Funika kwa nyasi, uziondoe miche ikianza kuchomoza. Juni na Julai baridi yetu huchelewesha kuota, na huko milima ya Uporoto barafu huunguza miche usiku mmoja. Miezi hiyo pinda fito juu ya tuta, funika kwa nailoni angavu jioni, funua jua likipanda.

Hatua ya 5: Shambani

Miche ikiwa na majani matano au sita, hamisha jioni, sentimita 30 kila upande. Acha tuta moja la mnafu wako wa zamani pembeni, maana wapo wateja wanaotaka uchungu wao waliouzoea, na hao usiwapoteze. Mipira ya matone, kama unayo, itandaze sasa.

Baada ya wiki nne hivi anza kukata ncha, ukiacha shina la sentimita 15 lichipue upya. Maua yakitokea kwenye miche ya kuchuma, yakate mapema ili majani yaendelee. Kwenye ile ya kitambaa chekundu, yaache.