Somo: Kompyuta Inayozima Katikati ya Kuhariri Picha, na Namna ya Kukitambua Kifaa Chenye Hitilafu

Kompyuta inaweza kufungua barua pepe, kucheza filamu na kuchapa nyaraka kutwa nzima bila kusumbua, kisha ikazima ghafla mara tu mhariri anapofungua picha za harusi na kuanza kuzisafisha. Wenye studio huilaumu Photoshop, programu ya kuhariri picha, na mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandae somo hili, kwa sababu Windows mpya haiponyi RAM (kumbukumbu inayoshikilia kazi inayoendelea) iliyo mbovu, wala pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) iliyochoka, na mteja aliyepigiwa Windows kwa tatizo la aina hii hurudi nalo lile lile, ila safari hii pengine picha zake hazipo tena.

Tufahamu kwanza kwa nini tatizo hujitokeza kwenye picha. Picha moja ya megapikseli 24, ikifunguliwa kwa biti 16 kwa kila rangi, huchukua takriban megabaiti 144 za RAM kabla hujaongeza leya, yaani tabaka la picha, yoyote. Ukiinakili mara kadhaa kwa ajili ya kusafisha ngozi, kurekebisha mwanga na kubadili mandhari ya nyuma, gigabaiti nzima huisha kwa picha hiyo moja. Kazi hiyo hufikia sehemu za RAM ambazo shughuli nyepesi hazizigusi, huilazimisha diski kuandika faili kubwa za muda, huiamsha kadi ya grafiki na kuipandisha joto prosesa (ubongo wa kompyuta), yote kwa wakati mmoja. Kifaa kilichokuwa na udhaifu wa siri huumbuka hapo.

Kabla ya hatua yoyote, okoa picha. RAM mbovu huharibu pia data inayopita ndani yake, na ndiyo maana baadhi ya picha hukutwa zina mistari ya rangi au nusu yake ikiwa kijivu. Kunakili kwa mashine ile ile yenye ugonjwa ni kuhatarisha hata nakala. Chomoa diski au kadi ya kamera, uisome kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, na usiifute kadi hiyo mpaka matengenezo yakamilike.

Hatua ya kwanza: tazama namna inavyozima

Fundi anayeambiwa tu kwamba "kompyuta inazima" hana pa kuanzia. Ikizima papo hapo kama iliyokatiwa umeme, bila ujumbe wowote, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai au joto. Ikileta skrini ya bluu yenye ujumbe wa hitilafu (nyeusi kwenye Windows 11 za karibuni), sababu mara nyingi ni RAM, draiva (programu inayoendesha kifaa) au prosesa, na maneno yaliyoandikwa pale yana thamani kubwa. Skrini ikiwa nyeusi kwa sekunde chache kisha ikarudi, au ikijaa vipande vya rangi zisizoeleweka, tazama kadi ya grafiki. Ikiganda kwa dakika nzima huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, diski ndiyo ya kuulizwa. Lakini programu ikijifunga yenyewe kwenye kitendo kile kile kila mara, hali kompyuta inaendelea na mambo yake, huenda vifaa havina kosa na somo hili halikuhusu.

Skrini ya bluu hupita haraka mno kusomeka. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha utafutaji cha Windows, ingia Advanced, fungua Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, kisha ondoa alama kwenye Automatically restart. Tangu hapo skrini itasubiri, nawe utaipiga picha kwa simu. MEMORY_MANAGEMENT huelekeza kwenye RAM, ingawa draiva mbovu nayo huweza kuileta. VIDEO_TDR_FAILURE huelekeza kwenye kadi ya grafiki au draiva yake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR maana yake ni kwamba vifaa vyenyewe vimeripoti hitilafu ambayo Windows imeshindwa kuisahihisha.

Hatua ya pili: soma kumbukumbu za mashine

Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoorodhesha matukio ya mashine, uingie Windows Logs kisha System, na utafute saa ile ile kompyuta ilipozima. Karibu kila mara utakuta Kernel-Power yenye namba 41. Watu wengi huishia hapo na kutangaza kwamba pawa saplai imekufa, jambo ambalo si sahihi: namba hiyo inasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kufungwa kwa utaratibu, yaani inaeleza matokeo na wala si chanzo. Soma mistari iliyotangulia. Ukikuta WHEA-Logger, vifaa vinalalamika. Ukikuta disk yenye namba 7, diski ina sehemu mbovu. Ukikuta Display yenye namba 4101, draiva ya grafiki iliacha kujibu kisha ikarejea.

Hatua ya tatu: joto na vumbi

Pakua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na volti za vifaa, iache wazi pembeni, kisha fanya kazi nzito ya picha huku ukitazama nyuzi joto za prosesa na za kadi ya grafiki. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na zikikaribia hapo hujipunguzia kasi ili zisiungue. Ikifika huko ndani ya dakika chache za mwanzo, upozaji haufanyi kazi.

Kwenye laptopu, usidanganywe na feni inayoonekana safi kwa nje. Fungua mfuniko wa chini, uondoe feni, utazame mahali inapopulizia: kati yake na mapezi membamba ya shaba au alumini hujengeka tabaka la vumbi na nyuzi za nguo, lililoshikamana kiasi kwamba unaweza kulibandua kwa kibanio likatoka kipande kizima. Ukitumia blowa, shikilia feni kwa kidole isizunguke kwa kasi isiyo yake. Pesti ya prosesa iliyokauka nayo ibadilishwe wakati huo huo, kwa kuwa umeshafungua.

Hatua ya nne: RAM

Hapa ndipo ninapopenda watu wasiwe na haraka. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha, kisha toa RAM zote. Tazama meno yake ya rangi ya dhahabu. Katika miji ya pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi na unyevunyevu huyaachia madoa, na wakati mwingine kuyafuta kwa kitambaa laini chenye spiriti ya isopropili kunatosha kumaliza tatizo lote. Ufutio wa penseli ambao mafundi wengi huutumia unafanya kazi, lakini hukwangua na kuacha chembechembe, kwa hiyo mimi huuweka kando.

Rudisha kipande kimoja tu, kisha uwashe kompyuta kwa fleshi yenye MemTest86 au Memtest86+, programu za kupima RAM. Kipimo kilichomo ndani ya Windows, kinachoitwa kwa mdsched, ni cha kuanzia. Kikisema kuna kosa kiamini, kikisema hakuna usikiamini sana. Acha MemTest86 imalize mizunguko yote minne ya toleo la bure, hata ikichukua usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM hiyo. Hata hivyo, kabla ya kuitupa ihamishie tundu jingine na uipime tena, kwa sababu makosa yakibaki kwenye tundu badala ya kuifuata RAM, mbovu ni mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) au mguso wa prosesa kwenye tundu lake. Kama XMP au EXPO, mipangilio ya kuiongezea RAM kasi, imewashwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi), izime kwanza, kwani RAM nzima inaweza kutoa makosa kwa kuendeshwa kwa kasi ambayo mashine yako haiihimili.

Hatua ya tano: diski na kadi ya grafiki

Kwa diski, CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake kwa dakika moja. Tazama Reallocated Sectors na Current Pending Sector, yaani sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa na zile zinazoshukiwa. Idadi inayoongezeka wiki hadi wiki ni taarifa ya kifo. Ikiongezeka CRC Error Count (makosa ya kusafirisha data) peke yake, badilisha kwanza kebo. Kwa kadi ya grafiki, ondoa alama ya Use Graphics Processor ndani ya Preferences za Photoshop, upande wa Performance, kisha uwashe Photoshop upya. Mashine ikitulia, weka draiva mpya kabla ya kuihukumu kadi yenyewe.

Hatua ya sita: umeme

Pawa saplai haipimiki vizuri kwa macho, na isifunguliwe kamwe, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa. Mkondo wa volti 12 unatakiwa ubaki kati ya 11.4 na 12.6 mashine ikiwa kazini, lakini namba za HWiNFO kuhusu volti huwa za kukadiria tu. Kipimo cha uhakika ni kuazima pawa saplai nzima yenye wati za kutosha na kurudia kazi ile ile iliyokuwa ikizima kompyuta. Kama studio iko mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, jaribu pia ukiwa kwenye UPS yenye stabilaiza.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niliongeza RAM ya kasi ya 3200 juu ya ile ya kasi ya 2666 niliyokuwa nayo, na tangu hapo Photoshop inaleta skrini ya bluu. Zote mbili nikizipima moja moja hazina kosa. Je, nizitupe?

Jibu: Marahaba. Usizitupe. Zinatakiwa zote ziende kwa kasi ya ile ndogo, lakini kupatana kwake hakuna uhakika. Zipime zikiwa pamoja, XMP ikiwa imezimwa. Makosa yakitokea zikiwa pamoja tu, uza zote mbili na ununue seti moja iliyofungwa pamoja kiwandani.

Swali: Laptopu yangu ya mtumba inazima nikitumia tu Denoise ya Lightroom, ile ya kuondoa chembechembe kwenye picha. Joto halizidi nyuzi 80. Chaja nilinunua mtaani baada ya ile ya kwanza kuungua.

Jibu: Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja hiyo, ulinganishe na zile za chaja halisi ya modeli yako. Denoise huisukuma kadi ya grafiki kwa nguvu zake zote, na laptopu iliyotengenezewa chaja ya wati 130, ikipewa ya wati 65 huku betri ikiwa imechoka, haina pa kuchukua ziada hiyo. Ukiona betri imevimba, acha kuitumia leo.

Swali: Nina kompyuta ya mezani yenye Core i9 ya kizazi cha 13. Inanieleza kwamba kumbukumbu ya video imekwisha, lakini kadi yangu ina gigabaiti 12. Nimeshabadilisha draiva.

Jibu: Ndugu, kuna uwezekano kadi inasingiziwa. Baadhi ya prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi na kuharibika taratibu, na ujumbe huo ni mojawapo ya dalili zilizojulikana. Mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho, likiwemo la Septemba lenye namba 0x12B, na ikaongeza miaka miwili kwenye dhamana. Weka BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji wa mazabodi yako. Marekebisho huzuia uharibifu, hayaponyi uliokwisha kutokea, hivyo dalili zikiendelea dai prosesa nyingine kwa dhamana.

Swali: Fundi anasema nibadilishe mazabodi, lakini hajapima chochote. Nimkubalie?

Jibu: Bado. Mazabodi huhukumiwa mwishoni, baada ya RAM, diski, kadi na pawa saplai kubadilishwa kimoja kimoja na tatizo likabaki, isipokuwa pale ambapo kapasita zilizovimba vichwa au alama za kuungua zinaonekana wazi. Mwombe akuonyeshe mojawapo ya hayo mawili kabla hujatoa pesa.