Shira ya zambarau

Ukinunua zambarau soko la Mgandini, Tanga, msimu wake, chagua nyeusi tii, laini, zisizopasuka. Zenye wekundu zina ukakasi ambao sukari haiuondoi.

Osha kilo moja, weka kwenye sufuria ya stili (alumini haipatani na tindikali) pamoja na maji nusu lita, kijiti cha mdalasini na karafuu nne. Zikichemka, punguza moto, acha dakika 20 huku ukiziponda kwa mwiko. Usisage kwa blenda: kokwa zikisagika, shira yote inakuwa chungu.

Chuja kwa kitambaa safi, ukamue. Kila kikombe cha maji yake, kikombe kimoja cha sukari. Ukiipunja sukari, itachacha upesi, hasa kwa joto la Tanga.

Rudisha motoni dakika 10 hadi 15, ukiengua povu. Dondoshea tone kwenye sahani baridi, pitisha kidole katikati: mfereji ukikawia kujifunga, epua. Ikiwa motoni huonekana nyepesi. Ukingoja iwe nzito hapo, ikipoa itaganda kama jemu. Kamulia ndimu moja.

Mimina ya moto kwenye chupa zilizochemshwa dakika 10. Kwenye friji hukaa mwezi. Ukizimwagia kalimati, basi!