Kunusa pombe kali: kasoro kwa huyu, utamu kwa yule

Glasi moja, watu wawili: mmoja anasema inanuka gundi, mwenzake anasema hiyo ndiyo pombe yenyewe. Nafundisha vijana wa kaunta hapa Mombasa, na ubishi huu nausikia kila mara. Kwa kawaida wote wawili wamenusa kitu kile kile. Zoezi hili litakuonyesha ni kipi.

Kwanza onyo. Pua haipimi usalama. Methanoli ikichanganywa na pombe huitambui kwa kunusa wala kuonja, nayo hupofusha na kuua. Sheria ya vileo ya 2010 iliruhusu chang'aa Kenya, lakini kwa mwenye leseni. Ile ya uchochoroni hakuna aliyeipima. Tumia chupa za dukani zenye alama ya ubora: vodka, wiski, na rumu ya Jamaika ukiipata. Nawe usiyekunywa usiondoke, maana karibu kazi yote hapa ni ya pua.

Hatua ya 1: Zoesha pua sokoni

Pita Kongowea au Marikiti ununue tufaha la kijani, ndizi iliyoiva sana, nanasi na siki. Ongeza kiondoa rangi ya kucha kisicho na asetoni. Weka kila kimoja kwenye kikombe, funika kwa kisahani, kisha nusa ukiwa umefumba macho mpaka usikosee. Kiondoa rangi nusa kwa mbali, dirisha likiwa wazi.

Tufaha la kijani ndilo harufu ya asetaldehidi, ambayo hamira huitengeneza njiani kabla ya kuigeuza kuwa pombe. Ndizi ni isoamili asetati. Kiondoa rangi cha aina hiyo mara nyingi ni ethili asetati, ile harufu ya gundi, na hapa mnywaji wa mnazi ana ujuzi tayari. Mnazi uliogemwa asubuhi ukikaa, bakteria huigeuza pombe yake kuwa asidi ya siki. Asidi hiyo ikiungana na pombe iliyobaki, hutoka ethili asetati. Wapo wasiougusa mnazi mpaka ufike hapo.

Nanasi ndilo linalonistaajabisha zaidi. Asidi ya butiriki hunuka matapishi, hakuna neno la adabu kwa hilo. Iunganishe na pombe, inakuwa ethili butirati, nayo inanukia nanasi.

Hatua ya 2: Chagua saa na glasi

Fanya asubuhi, au penye kiyoyozi. Joto letu hurusha haraka vitu vyepesi na pua inachomeka. Glasi iwe na mdomo mwembamba kuliko tumbo.

Hatua ya 3: Ongeza maji

Pombe ya asilimia 40 itilie maji kiasi sawa nayo, ishuke hadi 20. Wachanganyaji wa wiski hunusa hivyo hivyo, kwa sababu pombe kali huifunika harufu nyingine na kuipooza pua. Pombe ikipata ukungu usishtuke: ni mafuta na esta nzito (esta ni zao la asidi kuungana na pombe), ambazo haziyeyuki vizuri kwenye maji.

Hatua ya 4: Nusa kwa zamu

Anza na glasi iliyofunikwa. Funua, nusa mara moja fupi. Vinavyokuja mbele ni vyepesi: asetaldehidi huchemka kwenye nyuzi 20 tu, ethili asetati 77. Mpikaji makini huitenga sehemu ya kwanza inayotoka mtamboni kwa sababu ya hivyo vyepesi.

Sasa dondosha kidogo kiganjani, sugua, ngoja ikauke. Kinachobaki ni vizito. Alkoholi ya isoamili huchemka kwenye nyuzi 131, na hiyo na wenzake ndizo zinazokwaruza koo. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe.

Hatua ya 5: Uliza kiasi, na uliza nani anakunywa

Pombe safi ya nafaka inayotumika kwa vodka Ulaya hairuhusiwi kuzidi gramu 1.3 za esta kwa kila lita 100 za alkoholi halisi. Jamaika kuna rumu inayotengenezwa makusudi ifike gramu 1,600. Kwa kawaida hiyo hainywewi hivi hivi. Hutiwa kidogo ndani ya rumu nyepesi, na wapenzi wake huitafuta kwa harufu ile ile ya ndizi bovu na gundi. Anayeizoea huiona vodka kama maji. Siwezi kusema amekosea, ila vodka ikinukia hivyo, mimi nairudisha.

Hatua ya 6: Jipime kwa glasi tatu

Mwombe mwenzako amimine glasi mbili za pombe moja na ya tatu ya nyingine, bila wewe kuona. Tafuta iliyo tofauti. Kubahatisha tu kunakupa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo rudieni mara kadhaa mkibadilisha mpangilio. Andika ulichonusa kabla hajakuonyesha chupa.